Kilichokuwa Nje ya Ramani

Ni kauntabuku la kwaya mbili, lenye jalada gumu lililokwisha pauka kwa jua la Dodoma. Ukurasa wa kwanza una mistari minne tu. Msingi na jamvi, milioni 12. Boma hadi lenta, milioni 11. Paa, milioni 13. Umaliziaji, milioni 24. Chini yake imeandikwa jumla, shilingi milioni 60, nayo imepigiwa mistari miwili, kama wahasibu wanavyofunga hesabu isiyofunguliwa tena. Tarehe ni Machi 2018.

Mwenye daftari ni mhasibu kweli. Amekaa zaidi ya miaka ishirini katika taasisi moja ya serikali, akikagua bajeti za miradi ya wengine na kuzirudisha kwa wino mwekundu. Nyumba yake ya vyumba vitatu pale Ihumwa, mashariki ya jiji la Dodoma, ilipopata mlango wa mwisho mwaka 2022, ilikuwa imekula milioni 88. Anapolisimulia jambo hilo siku hizi hucheka, lakini hucheka baada ya kushusha pumzi.

Kuzidisha bajeti ya nyumba si habari. Habari ni mahali milioni hizo 28 zilipokwenda, kwa sababu sehemu kubwa haikwenda kwenye nyumba aliyoichora.

Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka 40 watumishi wa Dar es Salaam waliijua kama mji wa kwenda Bungeni, kununua zabibu na kurudi. Julai 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kuwa serikali yake itahamia kweli, wengi walisema haya tumeyasikia. Lakini Septemba mwaka huohuo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihama. Desemba 2017 akafuata Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, na Oktoba 2019 akahamia Rais mwenyewe. Mwaka 2018 Bunge likatunga sheria ya kuitambua Dodoma kuwa makao makuu, na majengo ya wizara yakaanza kuota Mtumba. Mji uliokuwa na watu laki nne na kidogo katika sensa ya 2012 ulihesabiwa zaidi ya laki saba na nusu mwaka 2022. Watu wote hao walihitaji pa kulala.

Taasisi ya mhasibu ilikuwa miongoni mwa zile zilizoambiwa zijiandae, zamu yenu itafika. Yeye akaona asisubiri barua. Mumewe ana duka la vipuri Ilala, watoto wawili walikuwa sekondari, na kodi ya nyumba ya Tabata walikuwa wakiilipa kwa miezi sita sita. Kuhamia Dodoma na kuanza kupanga upya, huku familia ikibaki Dar es Salaam, maana yake ni kuwa na kodi mbili na majiko mawili. Alikwenda kutazama nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa kule Iyumbu na za Watumishi Housing pale Njedengwa. Zilikuwa nzuri na tayari kwa kuhamia. Ila nyumba iliyokwisha jengwa huuzwa yote kwa pamoja, naye hakuwa na fedha za pamoja. Kiwanja angeweza kukijenga kipande kwa kipande.

Kiwanja alikipata kwa njia iliyonyooka: kimepimwa, kina bikoni nne, kina ukubwa wa mita za mraba 800. Hapo alikuwa na bahati ya wakati. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wenyeji waliijua zaidi kwa kifupi chake cha CDA, ilikuwa imevunjwa Mei 2017 na kazi zake kupelekwa kwa manispaa. Hati za miaka 33 ambazo watu wa Dodoma walizilalamikia kwa miaka mingi zikafungua njia kwa hati za miaka 99. Lakini hati hiyo ina masharti, na mojawapo ni kukiendeleza kiwanja ndani ya miezi 36. Aliizungushia duara sentensi hiyo. Akafanya hesabu kwa vidole akaona miaka mitatu inatosha.

Fedha zilikuwa za aina mbili. Milioni 30 zilikuwa mkopo wa benki, unaokatwa kwenye mshahara. Zilizobaki zingetoka dukani kwa mumewe na kwenye kikundi cha akina mama wanachoweka akiba kila mwezi. Kwa mtumishi wa umma, mkopo una ukuta wake: makato yakishakatwa, lazima abaki na walau theluthi ya mshahara. Mhasibu alikopa mpaka akaugusa ukuta huo. Hakuona ubaya, maana hesabu ilikuwa imefungwa kwa mistari miwili.

Kosa la kwanza lilikuwa hapo, na analitaja mwenyewe kabla hujamuuliza. Kwenye vitabu vya ofisi yake kila mradi una kifungu cha dharura. Yeye ndiye huwarudishia wakuu wa idara makadirio yasiyokuwa nacho. Kwenye kauntabuku lake kifungu hicho hakikuwepo. Na kwa kuwa alikuwa amekopa kiasi chote anachoruhusiwa, hakuwa na pa kukichukulia baadaye.

Kosa la pili ni mkopo kuingia wote siku moja. Milioni 30 zikikaa kwenye akaunti hazikai kimya. Ada ya shule ilitokea, msiba wa Moshi ukatokea, na mzigo wa duka ukakwama bandarini kwa wiki tatu. Kila mara alichukua kidogo akisema atarudisha. Agosti 2018, fundi alipokuwa tayari kuchimba, akaunti ilikuwa imepungukiwa milioni mbili na nusu kabla jembe la kwanza halijagusa udongo.

Udongo wenyewe ndio uliofuata.

Ramani aliinunua Sinza, kwa kijana anayechora vizuri kwenye kompyuta. Ilikuwa ramani ya nyumba aliyoiona kwa dada yake Bunju na kuipenda: sebule pana, madirisha makubwa pande zote, kibaraza mbele. Msingi ulichorwa wa futi tatu, kama wa Bunju, kwenye mchanga. Hakuna aliyemuuliza kiwanja kiko kwenye udongo gani.

Siku ya pili ya kuchimba, mzee mmoja Mgogo mwenye boma lake ng'ambo ya barabara alikuja akasimama, akaegemea fimbo, akatazama shimo kwa muda. Mhasibu akamsalimia, shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, akajibu, kisha akasema kwa upole kwamba mvua zikinyesha, pale ndipo ng'ombe wake walipokuwa wakikwama.

Alikuwa anasema kweli. Chini ya tabaka jembamba la udongo mwekundu kulikuwa na udongo mweusi wa mbuga. Udongo wa namna hiyo una tabia ya kuvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Kiangazi hupasuka nyufa za kupitisha vidole. Nyumba iliyokaa juu yake kwa msingi mwepesi huinuliwa kona moja na kushushwa nyingine, mwaka baada ya mwaka, na dalili ya kwanza ni ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha. Ukizunguka Dodoma utaziona nyumba za namna hiyo, zimepakwa rangi mara tatu na ufa bado unajitokeza palepale.

Mhandisi aliyeitwa kwa haraka alikaa kiwanjani saa moja tu. Akaagiza udongo mweusi uondolewe, ijazwe changarawe na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, usukwe mkanda wa nondo za milimita 12 chini ya kuta zote, na nyumba ikiisha izungushiwe kibaraza cha zege ili maji ya mvua yasisimame karibu na msingi. Milioni 12 za msingi na jamvi zikawa milioni 17 na laki nne. Malori ya kutoa udongo yalilipwa, na malori ya kuleta changarawe yalilipwa pia. Mzee Mgogo hakulipwa kitu. Mhasibu anasema angemlipa ada ya mshauri, kama angemfuata kabla ya kununua ramani.

Ramani nayo ilibidi igeuzwe. Msanifu aliyeirekebisha, safari hii aliyesajiliwa na bodi, alimwonyesha mambo ambayo mtu wa pwani hayafikirii. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua ni kali, usiku wa Juni na Julai ni wa blanketi, na kwa sehemu kubwa ya mwaka upepo huvuma kutoka mashariki ukibeba vumbi. Madirisha makubwa yaliyokaribisha upepo wa bahari kule Bunju yangekaribisha vumbi mezani huku. Nyumba ikazungushwa ili pande zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni lipate ukuta mfupi. Dirisha la sebule upande wa mashariki likapunguzwa. Paa likarefushwa nje ya kuta. Mabadiliko hayo yalikuwa ya bei nafuu kwa sababu yalifanywa kwenye karatasi.

Kuanzia hapo ujenzi uliendeshwa kwa simu. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kilomita 450 hivi kwa barabara, na wakati huo basi lililoondoka Ubungo saa kumi na mbili asubuhi lilifika mchana umeshaegemea jioni. Hakukuwa na mabasi ya usiku. Safari moja ya kukagua iliua Ijumaa nzima na Jumapili nzima ili apate Jumamosi moja kiwanjani. Siku hizi treni ya SGR, iliyoanza safari zake kati ya miji hiyo mwaka 2024, hutumia saa tatu na nusu hivi, naye kila akiipanda hufikiria zile Ijumaa.

Fundi alimtumia picha. Picha za mtaro wa msingi, za tofali zilizopangwa, za vijana wanaosaidia fundi wakitabasamu na sepetu. Zilikuwa picha nzuri na hazikusema lolote, kwa sababu picha haina kina. Mtaro wa futi mbili na wa futi tano hufanana kwenye simu. Mwezi wa pili akajifunza kudai: "Fundi, weka futi ndani ya mtaro ndipo upige." Fundi akanuna kidogo. "Mama, huniamini?" Akamjibu kwamba anamwamini, ila mkaguzi wa ofisini kwao hata yeye haaminiwi. Tangu siku hiyo kila picha ilikuwa na futi ya njano ndani yake.

Tofali nazo zilikuwa na hesabu yake. Walikubaliana mfuko mmoja wa saruji utoe tofali 30 za inchi sita. Safari ya nne alihesabu mifuko mitupu, akahesabu tofali, akagawanya. Jibu lilikuwa 41. Hakugomba. Aliokota tofali moja, akaliinua hadi kifuani, akaliachia. Likawa vipande vitano. Siku hiyo mkataba wa mdomo uliandikwa: malipo ya ufundi yatatolewa kwa hatua, hatua ikikaguliwa, na tofali zitafyatuliwa siku ambayo yeye au shemeji yake anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma yupo. Shemeji alipewa nauli ya bodaboda na chakula cha mchana. Hakuna fedha katika daftari lile iliyolipa zaidi ya hiyo.

Boma lilisimama mwaka 2019 kwa milioni 11 na laki nane, karibu na makadirio. Maji ndiyo yaliyoongeza zile laki nane. Tofali na zege havikauki tu, vinahitaji kunyweshwa kwa siku saba au zaidi ndipo vikomae, na hewa ya Dodoma hunyonya unyevu kuliko mwashi anavyoumwaga. Ihumwa wakati huo bomba lilikuwa mbali, hivyo maji yaliletwa na boza. Fundi aliyezoea kuyahesabu maji kama kitu cha bure alianza kuyabana, na ukuta wa jikoni ukatoa nyufa nyembamba za plasta ambazo zipo hadi leo nyuma ya jokofu.

Paa lilipigwa mwaka 2020, kabla ya mvua. Mbao za Mafinga, zilizotiwa dawa, kwa sababu mchwa wa Dodoma hawasubiri uhamie. Bati za geji 28. Milioni 14 na laki moja, juu kidogo ya kilichopangwa. Mhasibu akaanza kuona mwanga.

Kisha ikaja Novemba. Saruji ilipanda bei ghafla nchi nzima, ikawa haipatikani madukani, mpaka serikali ikaingilia. Dodoma huletewa saruji kwa malori kutoka viwanda vya Wazo, Tanga au Mtwara, kwa hiyo shida ilifika huku ikiwa na nauli juu yake. Mhasibu akaogopa. Alipopata mifuko 150 kwa mfanyabiashara mmoja aliinunua yote na kuirundika kwenye chumba cha watoto, chini, juu ya jamvi tupu. Fedha za kuitumia hazikuwepo, zilikuwa zimekwisha kwa kununua saruji yenyewe. Mvua za Desemba hadi Aprili zikapita. Juni 2021 fundi aliporudi, mifuko 38 ilikuwa mawe. Saruji hainywi maji kwa kumwagiwa tu, huyavuta pia kwenye unyevu wa hewa na ardhi, na hata ikihifadhiwa vizuri hupungua nguvu baada ya miezi mitatu hivi. Nondo zingemngoja. Vigae vingemngoja. Alikuwa amehifadhi kitu pekee kisichoweza kungoja.

Mifuko ile 38 ilitumika baadaye kuzuia mmomonyoko upande wa nyuma. Imepangwa vizuri kama ngazi, na wageni humsifu kwa ubunifu.

Umaliziaji ulifika milioni 26 na nusu badala ya 24. Hapo nyumba yenyewe, kwa maana ya vile vilivyochorwa, ikawa imegharimu milioni 69 na laki nane. Mtu angeweza kusema amezidisha kwa chini ya moja ya sita, na kwa ujenzi hilo si baya. Tatizo ni kwamba nyumba hiyo haikuwa na mahali pa kwenda maji ya choo, haikuwa na tangi, umeme wala geti.

Umeme unamuuma zaidi kwa sababu uliwahi kuwa rahisi. Mwaka 2021 kuunganishiwa umeme kulilipiwa shilingi 27,000 tu, mjini na kijijini. Yeye alisema amalize plasta kwanza. Januari 2022 viwango vya mjini vilirudishwa vya zamani: shilingi 320,960 kwa nyumba isiyohitaji nguzo, 515,618 kwa inayohitaji nguzo moja, 696,670 kwa nguzo mbili. Nyumba yake ilihitaji nguzo mbili.

Ukurasa wa mwisho wenye hesabu katika daftari lile una kichwa cha habari kilichoandikwa kwa herufi kubwa: NJE. Shimo la choo na la kunyonya maji, milioni 3 na laki moja. Tangi, mnara wake, bomba na umeme, milioni 3 na laki tisa. Uzio na geti, milioni 7 na laki mbili. Safari za Dodoma, milioni 4. Jumla, milioni 18 na laki mbili. Ukiongeza milioni tano na laki nne zilizofukiwa kwenye udongo mweusi, zaidi ya nne ya tano ya fedha zilizozidi zilikwenda chini ya sakafu au nje ya kuta. Kuta, paa, vigae na milango, vitu vyote alivyokesha usiku akivipigia hesabu, vilichukua milioni nne na laki nne tu kati ya 28.

Hakukosea bei ya bati. Aliuliza maduka matano. Alikosea kudhani kwamba bajeti ya nyumba ni bajeti ya kitu kilichomo kwenye ramani.

Vijana wa ofisini, ambao sasa nao wanapata viwanja Nala na Mahomanyika, humfuata kuuliza nyumba ya vyumba vitatu inakwenda shilingi ngapi. Hajibu swali hilo. Huwauliza yeye: mmekwenda kiwanjani mwezi wa pili, wakati wa mvua? Mmeongea na aliyekuwa akilima pale? Nguzo ya umeme ya karibu iko hatua ngapi? Maji mtajengea yapi? Wengine huona mama huyu anakwepa. Mmoja alirudi baada ya wiki mbili na picha ya kiwanja chake, na katikati ya picha kulikuwa na shimo la kina cha mita moja na futi imesimamishwa ndani. Huyo ndiye aliyeazimwa daftari.

Familia ilihamia Septemba 2022. Mifereji ya kuvuna maji ya paa haikuwemo hata kwenye ukurasa wa NJE, ilifungwa Novemba kwa faida ya duka la mumewe, na bomba lake likaelekezwa kwenye tangi la lita 5,000. Mvua ya kwanza nzito ilinyesha usiku. Mhasibu aliamka kwa mlio wa maji yakigonga zege upande wa jikoni, akatoka na tochi akakuta tangi limejaa na linafurika kwenye kibaraza. Aliporudi ndani hakulala. Alichukua karatasi, akaandika paa mita za mraba 160, mvua milimita 550 kwa mwaka, akazidisha. Lita 88,000. Akamtikisa mumewe begani.

"Baba Neema, amka. Tangi tulilonunua linajazwa na mvua ya milimita 31."